Mzee wa Maabara na Mifuko Iliyoshonwa

Koti la kaki la Mzee wa Maabara lilikuwa na mifuko minne, na yote minne alikuwa ameishona kwa mkono wake, kwa uzi mweusi, mishono ya karibukaribu. Siku yetu ya kwanza mwaka wa kwanza alisimama mbele yetu, akageuka upande huu, akageuka upande ule, akasema, "Mmeona? Mimi humu siwezi kutoka na kitu. Na ninyi pia hamtatoka na kitu." Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza, mtu asiye na neno anashona mifuko ya nini? Nikaamua siku hiyohiyo kwamba huyu mzee ni mwizi, na kwa miaka mitatu niliyokaa pale chuoni kila alichofanya nilikitia kwenye kapu hilo.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nimekulia jirani na Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, na huko kwetu mtu hakuamkii bila kwanza kukutazama mikono. Mgeni akionekana na sururu mpya, watu wanaulizana amesikia nini ambacho wao hawajasikia. Baba yangu ni mfugaji, hakuwa mchimbaji, lakini naye alinifundisha kwamba anayekusifia ng'ombe wako ameshachagua wa kwake. Kwa hiyo nilifika chuoni na begi, ndoo, godoro jembamba, na moyo uliokuwa umejifunga kitambo.

Chuo chenyewe sitakitaja, waliosoma pale watakijua. Kilikuwa tawi dogo la chuo kikuu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mahali pa miiba na upepo, ambapo mbuzi wa majirani waliingia hadi darasani wakati sisi tulirudishwa getini kwa kusahau kitambulisho. Tulisoma mambo ya madini. Fani yangu ilikuwa uchenjuaji, yaani namna ya kuitoa dhahabu ndani ya jiwe. Darasa zima tulikuwa wasichana sita.

Maisha ya pale yalikuwa ya kuviziana. Asubuhi tulipanga ndoo kwenye bomba la bweni, na ukigeuka tu kusalimiana na mtu, ndoo yako imerudishwa nyuma. Kila chumba kilikuwa na hita ya kuchemshia maji iliyofichwa chini ya kitanda, kitu kilichokatazwa, na kila chumba kilikishuku cha jirani kuwa ndicho kinachopeleka habari kwa matroni. Ukifaulu sana, watu walisema umepata nondo za mtihani kutoka juu. Ukipata sapu, ukatakiwa kurudia mtihani likizo, walisema mhadhiri ana lake na wewe. Madesa, zile karatasi za kudurufu zilizotusomesha kuliko vitabu, yaligawiwa kwa kujuana, na nimeshuhudia mtu akimpa mwenzake desa lililopungua kurasa mbili za katikati, kisha akaenda zake kula chipsi. Aliyeshindwa kabisa tulisema amedisko. Siku ya kubeba godoro lake tulimsindikiza hadi getini kwa huruma, tukarudi mbio kuona kitanda chake kimechukuliwa na nani.

Mwenzangu wa chumba alikuwa Kabula, mtoto wa Kahama, kiongozi wa darasa letu, mcheshi, mwepesi wa mdomo. Tulipatana kwa sababu naye hakumwamini mtu. Tulikuwa tukisonga ugali kwenye jiko la mchina huku tukimjadili Mzee wa Maabara mpaka dagaa wanashika chini.

Na mambo ya kumjadili yalikuwepo. Hakuna mwanafunzi aliyetoka maabara bila kunawa mikono kwenye beseni la bati lililokaa mlangoni, na maji yale hayakumwagwa. Mzee aliyaacha yatulie, akayachuja polepole, lile tope lililobaki chini akalikausha na kulifungia kwenye kopo. Tukimuuliza la nini, alijibu, "Vumbi la jiwe ni jiwe." Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake, unamuuliza swali la maana anakujibu kwa methali aliyoitunga mwenyewe. Kabula alitazama foleni ya wanafunzi wakinawa, akanong'ona, "Wenzetu wanahangaika na maduara porini. Huyu duara lake liko ndani ya beseni." Duara ndilo shimo la mchimbaji.

Halafu kulikuwa na chupa. Katikati ya maabara palikuwa na mashine ya kusaga mawe yawe unga, chuma kizito chenye kifuniko, na sauti yake ilisikika hadi kafeteria. Jiwe moja likishasagwa, kabla ya kuingiza jingine, Mzee alivunja chupa tupu za soda, akazisaga mle ndani, akautoa unga wa vigae akautia kwenye ndoo yenye mfuniko. Alisema mashine nayo lazima ipige mswaki. "Ukila maharage, ukaletewa wali bila kusukutua," alisema, "utasema wali una maharage." Kitaaluma tulimwelewa. Chembe za jiwe la kwanza zikibaki, jiwe la pili litaonekana lina kitu lisichokuwa nacho. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa mwaka wa pili, na mimi nililipata lote. Lakini macho yetu yalikuwa kwenye ile ndoo. Dhahabu inayobaki mashineni ikisukutuliwa kwa vigae, huenda wapi? Kwenye ndoo ya nani?

Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, alikwenda Kahama na mfuko mtupu wa salfeti, akarudi umejaa, ameukumbatia kifuani. Siku moja Kabula alimlaki getini kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Lete nikupokee."

"Marahaba, binti. Angalia usijikate."

Kabula alijifanya mfuko umefunguka, akachungulia. Chupa tupu za soda, kutoka kwenye kibanda cha dada yake Mzee huko Kahama, kama mwenyewe alivyoeleza bila kuulizwa. Kabula alirudi chumbani amenuna. Tulilitafakari jambo lile jioni nzima, tukakubaliana kwamba ule haukuwa mfuko wenyewe.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuinama peke yake. Watu walisema ujana wake aliumalizia Mwadui, na kwamba mtu aliyekulia kazini kwenye almasi huzoea kutookota kitu chini. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba penseli ikimwanguka, alisimama akaitazama, kisha akaita aliye karibu: "Binti, njoo uone penseli yangu imeanguka." Ukifika, anakuonyesha viganja vyote viwili, kimoja kimoja, mbele na nyuma, ndipo anainama kuichukua. Mwaka wa kwanza nilidhani ananifanyia mzaha. Mwaka wa pili nilianza kuogopa kuangusha penseli yangu mwenyewe.

Mtu huyohuyo, aliyefungia tope kwenye kopo, simu yake aliiacha juu ya meza kutwa nzima, na akikuomba umpigie mkewe, alikutajia namba kwa sauti mbele ya darasa. Chai yake ya tangawizi aliikaribisha kwa kila aliyepita. Alikuwa mtu wa mjini, wa barakashia siku zote na kanzu siku ya Ijumaa, lakini Kisukuma alikijua kuliko mimi. "Mwangaluka, mayu," alinisalimu asubuhi, mayu ndiyo mama, kwa sauti ileile ya bibi yangu mzaa baba, na mimi niliyekuwa najikaza kuongea kama mtangazaji wa televisheni nilimjibu kwa Kiswahili cha kukunja midomo. Alitabasamu, hakuacha. Wiki za mitihani alileta michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, akavichemsha na karanga, akaweka sufuria kizingitini mwa maabara na vijiko kumi. Wenzangu walikula. Mimi nilianza kula siku ya tatu, baada ya kuhakikisha hakuna aliyeharisha.

Alichukia mtu kupika majibu. Kuna kijana wa darasa letu aliyeandika matokeo ya jaribio bila kulifanya, matokeo mazuri, yamenyooka kama yametoka kitabuni. Mzee aliyasoma, akavua miwani, akasema, "Andika ulichokiona, baba. Usiandike ulichokitamani." Chini ya karatasi akaandika kwa penseli neno alilolipenda kuliko yote: Rudia. Hakumripoti. Alibaki naye maabara siku mbili mpaka jaribio likatoka, bovu lakini la kweli. Kijana yule alimsifu sana. Nilipomsikia akimsifu nikasema moyoni, ameshamnunua huyu.

Na kulikuwa na msalaba wa chaki. Siku nyingine ulikuta alama ya msalaba juu ya kifuniko cha mashine ya kusagia, siku nyingine haupo. Hakuna aliyewahi kutueleza, nasi hatukuuliza, kwa sababu tulikuwa na majibu yetu. Mwislamu anayechora msalaba, tulisema, huyo ana lake jambo. Kabula alikuwa na hakika ni mtego: anauchora, anatoka, akirudi akaukuta umefutika anajua kuna mkono umepita.

Sasa nifike kwenye jiwe, maana bila jiwe lile nisingekuwa na sababu ya kumwandika.

Baba alikuwa na ngitili. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho ambalo mtu hulifunga masika yote, asiingie ng'ombe wala mbuzi, ili kiangazi kikikaza, kwingine kukabaki vumbi, yeye awe na majani. Ngitili ya baba ilikuwa na migunga mikubwa na nyasi za kufika kiunoni, na ilipakana na za majirani wawili. Watu walikuwa wakisema ng'ombe wa baba hawajui kiangazi. Yeye mwenyewe alikuwa akienda kusimama tu pembeni ya ngitili jioni, mikono nyuma, akiangalia majani. Kila alichotupa, pamoja na ada yangu ya shule, kilitoka kwenye migongo ya ng'ombe wale.

Likizo ya mwaka wa tatu nilipita mle nikaona, kwenye korongo lililochimbwa na maji ya mvua, mwamba mweupe wenye mistari ya kutu. Mwamba wa namna ile ndio tuliochorewa ubaoni miaka mitatu. Niliubandua vipande vinne, nikavifunga kwenye kitenge, nikamwambia baba navipeleka chuoni kuvipima.

"Kimya kimya, mayu," alisema baba.

"Kimya kimya, baba."

Nilimwambia Kabula peke yake. Tuliona wazi kwamba jiwe lile halifai kupita mikononi mwa Mzee tangu mwanzo. Akiliona likiwa zima atajua limetoka wapi, na kesho wanunuzi wa madini watakuwa mlangoni kwa baba. Tukangoja Ijumaa. Mzee alipokwenda msikitini, Kabula, kwa kuwa kiongozi wa darasa, akaazima ufunguo wa pili kwa mhadhiri, tukaingia.

Msalaba ulikuwepo juu ya kifuniko.

"Unaona?" Kabula akasema. "Mtego."

Nilimkumbusha kuhusu chupa. Zilikuwepo pale pembeni, kreti nzima.

"Tupige mswaki kwanza?"

"Na tukimaliza tupige tena, si ndiyo? Ili dhahabu ya baba yako ibaki kwenye ndoo yake?" Alinitazama kwa huruma. "Saga, twende."

Nilijua kanuni. Narudia, mtihani nilipata. Lakini nilijiambia kwamba mzee mwenye wazimu wa usafi kama yule hawezi kuiacha mashine chafu. Nikafungua kifuniko, nikasaga vipande vitatu, kimoja nikakisahau kwenye trei kwa haraka. Kabula alichukua chaki akauchora msalaba upya, kwa uangalifu, akipima kwa jicho. Unga nikautia kwenye kifuko, nikakipanga pamoja na vifuko vya mradi wa darasa vilivyosubiri tanuru. Juu yake niliandika jina langu, na mahali pa kuandika jiwe lilikotoka niliandika Songwa. Songwa ni Kishapu, upande mwingine kabisa, kwenye ardhi ya almasi. Nilijiona mjanja.

Kazi ya tanuru aliifanya Mzee mwenyewe. Jumatano akaniita. Karatasi ilikuwa mbele yake, na niliiona namba kabla hajaigeuza. Ilikuwa namba ya kumtoa mtu jasho.

"Mayu, jiwe hili la wapi?"

"Songwa."

"Songwa hii ya Kishapu?"

"Ndiyo. Kwetu. Kwenye shamba la baba."

"Halina sura ya Songwa," alisema. "Haya. Rudia. Lete jiwe jingine tulisage pamoja, wewe na mimi. Na usimwambie mtu kabla hatujarudia. Hata mzazi."

Nilirudi bweni. Nilimweleza Kabula maneno yale neno kwa neno, naye akapiga kofi paja lake.

"Umesikia? Usimwambie hata mzazi! Anataka ninyi mnyamaze, yeye awahi."

Jioni ile nilimpigia baba nikamwambia dhahabu ipo. Baba, Mungu amjalie, hakurukaruka. Alisema atasubiri nimalize mitihani nije, tukae tuzungumze, kwa sababu ngitili ikikatwa hairudi upesi. Mzee naye aliniita mara mbili zaidi. Mara ya kwanza nilijifanya mgonjwa. Mara ya pili nilimtuma Kabula amwambie jiwe nimelitupa, na baba hana haja nalo.

Wiki iliyofuata Mzee hakuonekana kazini. Siku ya kwanza maabara ilifungwa. Ya pili ikafungwa. Ya tatu ikafungwa. Katika miaka mitatu sikuwahi kumwona akikosa hata saa moja. Siku ya nne alikuja, viatu vimejaa vumbi, midomo imekauka, na alipoulizwa na mhadhiri alikuwa wapi alisema alikwenda kumtafuta mtu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwenye beseni, nikasikia kwa masikio yangu. Nilitoka mbio hadi nyuma ya kafeteria nikapiga simu.

"Baba, kuna mtu wa hapa maabara anatafuta mahali petu. Ametoka kutafuta siku tatu. Usinisubiri. Wahi."

Baba akawahi. Walianza kukata migunga kesho yake. Majirani walipoona duara la baba limefika urefu wa mtu, nao wakaingia kwenye ngitili zao kwa shoka, maana nani atakaa aangalie mwenzake anatajirika? Nilipofika nyumbani baada ya mitihani, palipokuwa na nyasi pamekuwa na vifusi. Maduara matatu ya baba, manne ya majirani. Walipeleka mawe kwenye karasha, yakasagwa, yakaoshwa, hakikupatikana kitu. Wakachimba tena. Hakikupatikana kitu.

Kiangazi kile kilikaza. Sitaki kukieleza sana. Ng'ombe wa baba walikijua kiangazi. Waliobaki aliwauza wakiwa mifupa, na tangu hapo anachunga ng'ombe wa mtu mwingine, yeye mwenye mvi, kwa kupewa maziwa na ndama mara mojamoja. Mimi nilijua kuna kitu kimekosewa, na nilihisi kwamba aliyekosea ni mimi, lakini sikusema. Sikuhitaji kusema, kwa sababu baba mwenyewe alikuwa na maelezo na aliyatoa mbele ya kila mtu. Mtu wa chuoni Shinyanga, alisema, aliwahi kabla yetu akaihamisha dhahabu kwa dawa. Huko kwetu watu wanaamini dhahabu huhamishwa. Majirani walikubali, wakamlaani mwizi yule wasiyemjua, na jina hilo likabaki. Miaka yote baba aliponiuliza habari za chuo alisema, "Yule mwizi wenu bado yupo?" Nami nikajibu yupo.

Nilihitimu. Kabula aliolewa Mwanza, tukapotezana. Mimi nilipata kazi kwenye maabara huko Geita, na nikakutana kule na misalaba ya chaki. Fundi mmoja aliyenifundisha kazi aliichora juu ya kifuniko cha mashine kila aliposaga jiwe lenye dhahabu nyingi. Nilimuuliza kwa nini, akanishangaa. "Si kuonyesha chafu? Asije mtu akatia jiwe lake kabla haijasafishwa." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikumbuka kwamba Ijumaa ile asubuhi wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wamesaga jiwe la mfano, lililoletwa maalumu kwa sababu lilimeremeta dhahabu.

Mwaka jana nilikwenda Shinyanga kuchukua cheti changu. Mzee alikuwa amestaafu. Nilielekezwa nyumbani kwake, nyumba ya bati jekundu nyuma ya soko, nikamkuta amekaa barazani baada ya sala ya alasiri, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Binti yake, mama wa makamo, alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aligeuza sikio. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Huyu ni wa Songwa," akamwambia binti yake. "Mayu, karibu. Kaa."

Nililetewa chai. Nilitaka kuanza, yeye akaniwahi.

"Kile kipande ulichokisahau kwenye trei nilikisaga mwenyewe. Hakikuwa na kitu, mwanangu. Na msalaba haukuwa wa mkono wangu. Mimi wangu huchora kwa haraka, ule ulichorwa na mtu anayeogopa."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Nilikuita, hukuja. Nikasema, huyu binti ananikimbia, labda nimemkosea, acha nikamwone baba yake kabla hajakata hata mti mmoja. Ofisini wakakataa kunipa habari za mwanafunzi. Basi nikaenda Songwa." Alicheka kidogo. "Siku tatu. Kitongoji kwa kitongoji, kwa miguu, naulizia mzee mwenye binti anayesoma chuo cha madini. Hakuna aliyekujua. Nililala msikitini. Nikarudi nimeshindwa, nawe ukanikwepa hadi mkafunga chuo, na hilo limekaa hapa." Aligusa kifua, kwenye mfuko wa shati. "Nilikuwa nasubiri siku nikuulize. Mzee wako alichimba?"

Binti yake aliacha kupepeta. Nilikiangalia kikombe changu.

"Hakuchimba," nikasema.

"Hakuchimba?"

"Nilimwambia asubiri turudie. Akasubiri."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee. Aliyasema mara tatu, akipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akamgeukia binti yake, "Unaona? Nilikwambia huyu alikuwa anasikia. Mtoto wa kunyamaza, lakini anasikia." Binti yake akanitazama kwa shukrani, akaniongeza chai. Niliinywa yote. Sikuwahi kuona aibu kama ile, na bado nilishindwa kufungua mdomo.

Nilipofika stendi baba alipiga simu. Nilisikia ng'ombe nyuma yake.

"Umefika chuoni? Yule mwizi wenu bado yupo?"

Nilisema yupo. Halafu nikasimama pale katikati ya mizigo ya watu nikamweleza yote: msalaba, chupa, Songwa, zile siku tatu. Nilimwambia hakuna aliyehamisha kitu. Jiwe letu halikuwa na kitu, mimi ndiye niliyelisaga kwenye mashine chafu, na mimi ndiye niliyesema wahi. Nililia, watu wakanitazama.

Baba aliwafokea ng'ombe kwanza, ndipo akanijibu.

"Hayo ya Songwa sikuyajua," alisema. "Mengine nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Duara la pili. Mimi si msomi, mayu, lakini mchanga mtupu naujua."

"Sasa baba, miaka yote hii mbona unamwita mwizi?"

"Majirani walikata ngitili zao kwa sababu yetu," alisema. "Walikuja pale uani wote, na shoka mikononi, wananiuliza ni nani. Ulitaka niwatajie nani?"